Mdomo wa Mista

Watu wa mtaa wa Yeoville wanakumbuka kwamba timu ile ilifundishwa na Mtaliano. Waache wakumbuke. Kwa msimu mmoja na nusu niliifundisha mimi, mwanamke, mjane, fundi cherehani, na sijamwomba mtu msamaha. Walionidai msamaha niliwatolea uvivu palepale, na akitokea mwingine leo nitamtolea yeye pia.

Lakini nianze na Mtaliano mwenyewe, maana bila yeye ningekufa sijui kuotea ni nini.

Alikuwa straika. Alizaliwa kaskazini mwa Italia, kwenye mji wa viwanda vya viatu, na aliniambia kwamba alianza kucheza kwa viatu vilivyokataliwa kiwandani, kimoja kikubwa kuliko kingine. Alifunga mabao mengi daraja la pili, akanunuliwa na klabu ya daraja la kwanza, akagombana na kocha, akauzwa. Alikouzwa akagombana tena. Halafu goti likamharibikia, na mwanzoni mwa miaka ya sabini klabu moja ya wazungu hapa Johannesburg ikamwita aje acheze msimu mmoja. Akaja na sanduku moja, hakurudi kwao tena. Alipotundika daluga akawa kocha, na ukocha ukamtesa kuliko goti. Alifundisha klabu za wazungu, kisha akaenda kufundisha Soweto wakati ambao jambo hilo lilimpotezea marafiki wote aliokuwa akinywa nao kahawa. Akafukuzwa huku, akafukuzwa kule. "Straika akikosa bao anazomewa uwanjani," aliniambia, "kocha anazomewa mpaka na mkewe." Sikuwahi kumsikia akisema kwamba alikosea. Kila alipofukuzwa, kosa lilikuwa la mwenyekiti.

Mpaka mimi namfahamu, mke ameshafariki, klabu zimeshamsahau, na yeye anaishi mtaa wa Observatory kwenye nyumba yenye ngazi nyingi mno kwa mtu mwenye goti lile. Kutoka kibarazani kwake aliwaona Wakongo wakifanya mazoezi kwenye uwanja wa manispaa chini ya kilima. Akashuka na mkongojo wake, akaanza kuwafokea bila kuombwa. Wao wakadhani ametumwa na mkubwa fulani, wakamtii. Ndivyo alivyoipata kazi yake ya mwisho. Akawaamuru wamwite Mista, maana hivyo ndivyo Waitaliano wanavyomwita kocha, na sisi sote tukamwita hivyo.

Mimi nilifika Johannesburg nikiwa mke wa mtu. Mume wangu alikuwa mmoja wa wakimbizi wa siasa wa Afrika Kusini waliokaa Morogoro. Alinioa kule, tukaja naye kwao walipopata uhuru, akafa, nikabaki. Nilikuwa na cherehani na meza sokoni Yeoville. Mwaka 2015 timu ikaniagiza jezi, na siku nilipozipeleka uwanjani nikamkuta Mista anamfokea kipa kwa Kiingereza ambacho hata Mwingereza angeomba kirudiwe. Kipa, Mkongo wa Uvira, akawa anamtazama tu. Mista akahamia Kitaliano, akamwambia kwamba anadaka mpira kama baba anayepokea mtoto aliyejikojolea. Nilicheka mpaka nikakalia jezi zangu mwenyewe.

"Nani anacheka?" akauliza.

Nikamjibu kwa lugha yake kwamba anayecheka ni fundi, na kwamba kipa wake hajaelewa hata neno moja. Mimi nimelelewa misheni, Iringa, na masista wa Kitaliano. Nilikuwa na Kitaliano cha jikoni, cha kusalia na cha kugombezewa, hasa hicho cha mwisho. Mzee alinishika mikono yote miwili asiniachie. Tangu siku ile kila Jumamosi nilisimama kando yake kwenye mstari, yeye anasema, mimi nawaambia.

Miaka miwili nilikuwa mdomo wake, tena mdomo wenye adabu. Timu ilikuwa na watu wazima: walinzi wa mageti ya Randburg, vinyozi, fundi simu mmoja, Wakongo wengi, Warundi watatu, Watanzania wawili. Mtu ana mke na watoto, huwezi kumwambia mbele ya wenzake kwamba mama yake angezaa kabichi, hilo kabichi lingekimbia kumshinda. Nikawa nasema, "Ndugu yangu, Mista anakuomba uongeze bidii kidogo." Mista alikuwa akinitazama kwa mashaka. "Mbona maneno yangu marefu, yako mafupi?" Nikamwambia Kiswahili ni lugha ya mkato. Akaamini, jamani!

Jumatano nilikuwa nampitia nyumbani. Anapika kahawa nzito, mimi nashona, na ananimwagia mezani bati langu la vifungo: vyeusi wapinzani, vyeupe sisi. Anasogeza, ananiuliza mimi ningefanya nini. Nikijibu upuuzi anapiga meza. "Usitazame mpira," alikuwa akisema. "Mpira kila mjinga anautazama. Mtazame beki anavyosimama. Akianza kushika magoti, huyo amekwisha, mpeleke mtu wako kwake." Nilikuwa nimepita miaka arobaini na tano. Tangu nivunje ungo watu walikuwa wananituma tu, hakuna aliyekaa chini kunifundisha kitu. Nilikipenda kitu kile kwa wivu. Nikiwa nafanya kazi sokoni nilijikuta nawapanga wateja wangu namba, huyu beki, huyu kiungo, huyu hata benchi hafai.

Mwaka 2017 Kiingereza kikaanza kumtoka Mista. Leo neno moja, kesho matatu, mpaka ikafika siku akashindwa kumwambia mwenye duka kwamba anataka mkate. Kitaliano kikabaki, lakini Kitaliano cha zamani, chenye watu waliokwisha kufa. Binti yake, aliyekuwa akiishi Randburg, akamwekea mama wa kumpikia na kumwangalia, akaniambia wazi, "Siku atakayoacha timu nitampeleka nyumba ya wazee. Kwa sasa bado anafundisha, basi bado yupo."

Bado anafundisha. Nililibeba neno hilo kichwani mpaka Soweto, Jumamosi iliyofuata, tulipokwenda kucheza na timu ya huko.

Tulikuwa bila kwa bila, kipindi cha pili. Watu wa pale walikuwa wanatuzomea, na kwetu wageni kuzomewa Soweto si jambo la kuchezea. Mista akanishika mkono kwa nguvu. "Mwambie yule wa kutoka kisiwani aache kunywa," akasema, "kesho tuna treni ya asubuhi." Hatukuwa na mtu wa kisiwani. Hatukuwa na treni. Nikamtazama machoni nikaona kwamba yupo mahali pengine kabisa, ana miaka ishirini na mitatu, goti zima. Wachezaji wetu walikuwa wamesimama kwa sababu kuna mmoja wao alikuwa anafungwa bandeji, na wote wametugeukia.

"Kasema nini, Mama?" akauliza nahodha. Huyo alikuwa beki wa kati, Mrundi, mlinzi wa geti, mtu mzito wa maneno.

Kwa dakika ishirini nilikuwa nimemtazama beki wao wa kulia akishika magoti. Nikapiga moyo konde. "Anasema mipira yote ipigwe kushoto. Yule beki amekwisha."

Tulifunga mawili, yote kutoka kushoto. Walimbeba Mista juu juu, naye akawapungia mkono akidhani yuko kwao. Mimi nilibeba begi la chupa za maji. Nitasema ukweli: niliona uchungu. Lile bao la pili nililiona kabla halijafungwa, na nikalibebea maji.

Toka hapo sikurudi nyuma. Yeye anasema mama yake ameuanika unga, mimi nasema namba sita asivuke mstari wa kati. Yeye anamtukana refa aliyekufa zamani, mimi namtoa winga namwingiza mwingine. Nilijiambia kwamba namlinda mzee asipelekwe nyumba ya wazee, na ilikuwa kweli. Lakini haikuwa yote. Nililitaka benchi lile. Nililitaka kwa moyo wangu wote, na nilijua fika kwamba siku wakigundua watatutoa wote wawili, yeye kwa sababu ya kichwa chake na mimi kwa sababu ya gauni langu.

Mwaka 2018 timu ikapata mwenyekiti mpya, Mkongo wa Bukavu, mzee wa kanisa lililokuwa linatununulia mipira. Suti imenyooka, sauti ya upole, hana haraka. Tulipofika nusu fainali ya ligi yetu ya Jumamosi, akatangaza mfungo wa siku tatu kwa ajili ya ushindi. Mfungo mkavu, bila chakula, bila hata maji, kama walivyozoea kanisani kwao kila kunapokuwa na jambo zito. Mimi sikuambiwa. Nilishangaa tu kipindi cha pili kuona watu wanatembea. Nahodha wangu, aliyekuwa ametoka kulinda geti saa kumi na mbili mfululizo, alikaa chini katikati ya uwanja akasema, "Eish, Mama, miguu imekataa." Tukafungwa tatu. Mwenyekiti akasema kocha hana maombi.

Weee! Nilimfuata mpaka kwenye gari lake. Nikamwambia, "Mwenyekiti, mimi nasali kabla hujaamka. Lakini Mungu hajasema beki acheze na tumbo tupu." Akatabasamu, akaniambia nipunguze jazba. Hakuna neno linaloniongezea jazba kama hilo.

Ilibaki mechi moja ya kugombea nafasi ya tatu, na yeye akatangaza mfungo tena. Mimi ni Mhehe, sisukumwi. Niliwatumia ujumbe wote: Mista ameamuru mpite kwangu saa nne asubuhi. Nikasonga ugali wa sufuria mbili, maharage, samaki wa kukaanga, nikasimama mlangoni. "Asiyekula hachezi. Ni Mista huyo, siyo mimi." Wengine walikula wakiangalia chini kama wezi. Fundi simu aliomba kwanza msamaha kwa Mungu, halafu akaomba aongezewe maharage. Tulishinda nne kwa moja.

Kumbe nilikuwa nimejichongea. Mwenyekiti aliposikia habari ya ule ugali hakugomba. Aliuliza tu, kwa upole wake ule, Mista amesema lini, kwa maneno gani, na nani mwingine alimsikia. Msimu mpya ulipoanza, Jumamosi ya kwanza alikuja na kiti chake cha kukunja akakaa nyuma ya benchi letu. Mimi sikujali. Nilidhani amekuja kuchunga wanaokula. Mista alikuwa na siku mbaya, akawa anauliza kama mkate umeshatoka kwenye tanuri, na mimi nikapaza sauti: "Anasema kipa aache kutoka golini, na namba nane ashuke!" Mara nikahisi kidole begani.

"Mama," Mwenyekiti akasema kwa Kitaliano safi, cha darasani, kisichotetereka, "mzee ameuliza habari za mkate."

Miezi yote ile hakuna aliyenitajia kwamba anakijua Kitaliano. Akarudi kwenye Kiswahili chao cha Bukavu, bado anatabasamu: "Miye nilisomaka Roma miaka ine. Nilitaka kuwa padri." Akakunja kiti chake akaondoka kabla ya filimbi ya mwisho.

Jumamosi iliyofuata aliita mkutano kwenye ukumbi wa kanisa, jirani na uwanja, kabla ya mazoezi. Wachezaji walikaa kwenye viti vya plastiki na jezi zao nilizozishona mimi. Mista aliwekwa mbele na koti lake. Nami nikaambiwa nikae pale mbele pia, nimewageukia, kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Nikakaa. Sikuinamisha kichwa.

Mwenyekiti akawaeleza yote. Mista haelewi tena kinachotokea uwanjani. Maneno mliyoyatii si yake, ni ya huyu mama. Mmedanganywa. Timu za wenzetu zikijua kwamba wanaume wazima wanaamrishwa na fundi wa nguo, zitatucheka. Kamati inapendekeza mzee apumzike kwa heshima, mama arudi kwenye cherehani, na kocha mpya, ndugu mmoja wa kanisani, aanze leo.

Halafu nahodha akasimama, akaninyooshea kidole, siyo kwa ubaya, ila kama mtu anayehesabu.

"Mama. Ile ya Soweto, mipira kushoto?"

"Mimi."

"Kumtoa winga tulipokuwa tunaongoza?"

"Mimi."

"Na kunitoa mimi, ile siku ya mvua?"

"Mimi."

"Nililia siku ile."

"Nilikuona. Ulikuwa unachechemea na hukutaka kusema. Ningekutoa tena leo."

Akakaa. Sikuweza kusoma uso wake. Nyuma kuna mtu akasema, "Lakini ulitudanganya, Mama," na hapo ndipo nikafungua mdomo wangu mwenyewe.

"Ndiyo, niliwadanganya," nikasema. "Ningewaambia ukweli mngenisikiliza? Semeni! Nani hapa angemtoa beki kwa sababu fundi cherehani kasema? Hakuna. Basi nilisema ni Mista, na mkakimbia. Huyu mzee alinifundisha miaka miwili, kila Jumatano, na sikuwa mwanafunzi mjinga. Mkitaka kocha wa kuwafungisha kavu siku tatu halafu awaambie mmeshindwa kwa sababu ya imani ndogo, huyo hapo, mchukueni. Wakitucheka huku tumewafunga mabao manne, wacheke. Mimi sioni aibu. Aibu ningeiona kama ningekaa kimya nikawaacha mfungwe."

Mwenyekiti hakupandisha sauti. Alikuwa na karata yake. "Tumuulize mwenyewe," akasema, akamwinamia Mista, akamuuliza kwa Kitaliano kile safi, polepole, kwa heshima zote: "Mista, huyu mama ni nani?"

Mista aliniangalia. Aliniangalia kwa muda mrefu, uso, mikono, viatu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sijui. Ni nani?"

"Anasema hamjui," Mwenyekiti akawaambia.

Sikudanganyi, iliniuma kuliko msiba. Jumatano zote zile. Kahawa zote zile. Nilitaka kulia mbele ya watu wazima ishirini, na ningelia, ila hasira ilifika kwanza, na namshukuru Mungu kwa hasira yangu. Nikamgeukia mzee, sikumgeukia Mwenyekiti, nikamjibu kwa Kitaliano changu cha jikoni, ila kwa sauti ya kufika mlangoni.

"Mimi ndiye Mista."

Akanitazama tena juu mpaka chini. Akakunja uso vilevile alivyokuwa akiwakunjia mabeki wavivu, akagonga mkongojo sakafuni, akasema sentensi mbili, kali, za haraka. Halafu akavuta koti lake na kutazama dirishani, maana kwake mkutano ulikuwa umekwisha.

Safari hii Mwenyekiti hakuwatafsiria.

"Kasema nini, Mama?" nahodha akauliza, kama alivyokuwa akiuliza siku zote.

"Leo sitafsiri," nikasema. "Mmesema mimi mwongo. Yupo hapa aliyesoma Roma miaka minne. Atafsiri yeye."

Wote wakamgeukia. Mwenyekiti akarekebisha tai yake. Nitampa haki yake moja: alikuwa mzee wa kanisa kwelikweli, na pale ndani hakuthubutu kupinda neno, hasa akijua kwamba nami nimesikia. Alisema akitazama sakafu.

"Anasema, kama wewe ndiye Mista, kwa nini umekaa? Wachezaji wanapoa."

Nikasimama. Watatu walitoka kwa mlango wa mbele wala hawakurudi tena, waende salama. Nahodha alimshika Mista mkono, akamtembeza polepole mpaka uwanjani, akamketisha mahali pake kwenye benchi. Waliobaki nikawaamuru wakimbie mizunguko minne bila kusindikizana. Mwenyekiti alikuja nyuma yetu na kiti chake cha kukunja, na nikamwambia kama anataka kutazama aende upande wa pili.